Mpishi Aliyeonja Udongo

Siku niliyoanza kumjua yule Mpishi nilimmwagia maganda ya ndizi kichwani. Nilitoka jikoni asubuhi na beseni langu, nikafika kwenye shimo la taka nyuma ya banda la ng'ombe, nikamimina bila kutazama, kama nilivyomimina tangu niolewe. Shimo likasema, "Shemeji, taratibu."

Niliruka. Nikachungulia, nikamwona jirani yangu amechuchumaa humo ndani, ganda limemning'inia sikioni, na kofia yake ameigeuza kuwa kikapu, imejaa maganda ya mayai. Hakuona haya hata kidogo. Alinitazama kutoka kule chini kama vile mwizi ni mimi.

"Shemeji," akasema, "wewe kila siku unazika chakula."

Nikamwambia atoke kabla sijamwita mume wangu. Mume wangu alikuwa barazani anakunywa chai, anasikia kila neno, na anacheka mpaka chai inamwagika.

Kabla ya hapo nilimjua kwa macho tu. Alikuwa amestaafu upishi katika shule moja ya bweni ya misheni, akarudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, hapa Uru, kinachopakana na changu. Kati yetu hapakuwa na ukuta wala seng'enge. Palikuwa na mstari wa masale. Asiyetoka mlimani nimweleze: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, ndio mpaka wetu, na ndio msamaha wetu pia. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, humwambii hapana. Hata kama amekuumiza mpaka mfupa, ukishalipokea hilo jani, mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa na masale mita hamsini, na nilikuwa sijawahi kumpelekea mtu hata jani moja. Nilijivunia hilo. Nilijiona mtu asiye na makosa.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto wangu Mpishi, padri Mpishi, hata wauza dagaa sokoni Mpishi. Na kweli alikuwa mpishi, ila watu wake siku hizo walikuwa nyanya, mchicha, migomba na mbuni mmoja wa kahawa. Matuta yake aliyaita mabweni. Utamsikia saa kumi jioni anagonga sufuria kuukuu kwa mwiko, ngo ngo ngo, halafu anatoka na ndoo zake. "Bweni la nyanya halijala tangu juzi," anasema peke yake, kwa sauti. Mwanzoni tulidhani upweke umemharibu, maana mke wake alikuwa amefariki. Baadaye kuku wangu ndio walioelewa kuliko sisi. Wakisikia sufuria, wote wanavuka masale kwenda kumpekulia, na yeye anawafukuza kwa maneno ya Kichagga ambayo siwezi kuyaandika.

Chakula chenyewe sasa. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa kwake hata tone, yalikuwa ya nyanya. Maganda ya mayai aliyaanika juu ya bati, akayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa unga, akamwekea kila mmea kijiko chake. Maganda ya ndizi aliyakatakata kama mboga na kuyafukia pembeni ya shina. Majani ya chai, machicha ya kahawa, vyote vina mwenyewe. Alizeti pori, yale majani machungu ya kandokando ya mfereji ambayo sisi tulikuwa tunayafyeka tukiyalaani, yeye aliyaloweka kwenye pipa wiki mbili. Pipa lile lilinuka! Mgeni akipita anadhani kuna mfu. Halafu anachota kikombe, anachanganya na maji mengi, anawapelekea migomba. Mkojo wa ng'ombe vilevile, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji. Ukimwuliza kwa nini asiumwage vile vile ulivyo, anakuuliza, "Wewe mtoto mchanga unamlisha konyagi?"

Neno lake kubwa lilikuwa: "Mmea hauna meno." Kila kitu lazima kiwe kimeoza, kimelowa au kimesagwa. Na kila kitu kiwe kimepoa. Nilimwona akimfukuza mwanamke wa watu kihambani kwake kwa sababu alimwambia kwamba nyumbani kwake anamwaga samadi mbichi ya kuku kwenye mashina ya pilipili. "Unawaunguza," alisema. Yule mama alikwenda kutangaza kanisani kwamba Mpishi ana kichaa. Pilipili zake zilikauka wiki hiyo hiyo, akarudi kimya kimya na kikapu, kuomba miche.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni ulimi wake. Alikuwa anaonja udongo. Anachukua chembe kwa ncha ya kidole, anaiweka ulimini, anafumba macho kama anaonja mchuzi, halafu anatema. "Huu una uchungu, majivu yamezidi." "Huu umepooza, una njaa." Nilimwambia atakufa kwa minyoo. Akasema ameonja maharage ya shule maisha yake yote na hajafa. Nami kwa ubishi wangu siku moja nikajificha nyuma ya mgomba nikaonja udongo wa kihamba changu. Sikupata kitu, mchanga tu ukanikwaruza meno. Lakini niliendelea. Mwaka ulipokwisha nilikuwa naujua udongo wa chini ya migomba na wa karibu na mfereji hata ukinifumba macho. Mimi niliyeishia darasa la nne! Nilipowaambia wajukuu zangu walikimbilia kunipa maji nisukutue.

Na usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa ajabu. Mbegu za boga atakupa kiganja kizima, boga lenyewe hupati hata kipande. Aliogopa ng'ombe. Mkojo aliokuwa anausifu hivyo, nilikuwa namkingia mimi, yeye amesimama mbali ananielekeza. Tena, mtu huyu aliyelisha mimea kwa kijiko alikuwa hajui kupika. Nasema kweli. Kiburu chake, ndizi na maharage ambavyo hata mtoto wa kike wa miaka kumi anaviweza hapa kwetu, kilikuwa kama udongo wa kufinyangia. Watu waliosoma shule ile bado wanasimulia maharage yake, wanashika tumbo. Mume wangu alimwuliza mbele ya watu kilabuni, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wanafunzi wangapi wamefia mikononi mwake. Mpishi akanywa kwanza, akafuta ndevu, akajibu, "Hakuna. Walijifunza kusali."

Mbege nayo ilituletea kisa. Tulipika mbege ya kipaimara cha mjukuu wangu, nikabaki na machicha ndoo mbili. Mpishi alikuwa amenionya machicha yakae shimoni kwanza yaoze. Mimi nikaona ananichelewesha, nikayamwaga mabichi kwenye bustani yangu ya sukuma wiki. Mchana kuku wote walikuwa wamelewa. Jogoo alilala chali katikati ya njia, miguu juu, katekista akapita akafanya ishara ya msalaba. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Hakunisema. Alichukua jembe, akanisaidia kuyakusanya machicha moja moja, na kila akimtazama jogoo anaanza upya kucheka.

Ndivyo alivyokuwa: mkali kwa kosa la mtu wa mbali, mpole kwa kosa langu. Hilo ndilo lililokuja kunitesa.

Sasa nifike kwenye kahawa. Mbele ya mlango wake palikuwa na mbuni mmoja mzee, aliupanda mke wake alipoletwa pale kama bibi harusi. Mibuni mingine ya kihamba ilikuwa imekatwa zamani, watu walipochoka na kahawa. Huo mmoja mwanamke aliukatalia. Na alipokufa, Mpishi hakunywa kahawa nyingine isipokuwa ya mti ule. Alikaanga mwenyewe, akatwanga, na hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee alichopika kikapikika. Machicha yake aliurudishia mti. "Anakunywa alichonipa," alisema, na mimi nikajifanya nashughulika na kanga yangu nisimtazame.

Msimu mmoja wa masika upepo uliangusha mti wa kivuli juu ya ule mbuni, ukaupasua katikati mpaka mizizini. Ulikuwa umebakiza buni chache nyekundu. Mpishi alizichuma zote, akamenya, akazipanda kwenye viriba, vile vifuko vya miche. Zikaota thelathini. Usiniulize furaha yake. Aliweka viriba chini ya kivuli cha mgomba, akawa anawagongea sufuria asubuhi na jioni, kwa upole, kwa kidole.

Miche ilipofika kama shubiri moja, mguu wake ukavimba, binti yake wa Bomang'ombe akamchukua kwa matibabu. Akaniachia miche mimi. Hakumwachia mtu mwingine yeyote, mimi. Alinipitisha kiriba kwa kiriba. Maji ya mchele, sawa. Maji uliyochemshia maharage, sawa pia, ila yapoe na yasiwe na chumvi.

"Chumvi hata chembe, shemeji."

"Mpishi, mimi si mjinga."

Akaondoka. Na mimi nikawalisha! Wiki tatu. Nilikuwa na wajukuu wanne nyumbani, kila siku maharage, kila siku maji. Nayaacha yapoe kwenye beseni, naingiza kidole kuhakikisha, ndipo napeleka. Chumvi sikutia. Naapa, hata chembe. Nilijiona mganga. Nilimwambia mume wangu Mpishi akirudi ataona miche inamfika kiunoni.

Wiki ya pili majani yakaanza kuungua pembeni, kama yamepitishwa pasi. Nikaongeza maji ya maharage, nikadhani wana njaa. Wiki ya tatu juu ya udongo pakatanda utando mweupe. Nikainama, nikachukua chembe kwa kidole, nikaweka ulimini.

Magadi.

Nani mlimani hapa anapika maharage bila magadi? Maharage ya stoo, magumu kama kokoto, bila magadi utachoma kuni mpaka kesho. Unatia kipande, hata hufikirii, mkono unatia wenyewe kama mama yako alivyotia. Magadi kwangu hayakuwa chumvi. Yalikuwa magadi. Na huyo mpishi wa shule, kwenye jiko lake la misheni lenye kuni za bure, alikuwa akichemsha maharage usiku kucha bila kutia kitu, ndiyo maana hakukumbuka kuniambia.

Nilifanya nini? Nilichofanya ni kibaya kuliko magadi. Nilichukua kijiko, nikakwangua ule utando mweupe kiriba kwa kiriba, nikautupa kwenye mfereji. Nikamwagia maji safi, lakini tayari walikuwa wamekwenda, vijiti vikavu thelathini. Mpishi aliporudi na fimbo yake nikamwahi njiani. Nikamwambia jua limekuwa kali.

Alikwenda mpaka chini ya mgomba, akachuchumaa kwa shida, akachukua udongo kwa ncha ya kidole, akaonja. Akafumba macho. Mimi nilisimama nyuma yake, nikauona mgongo wake tu. Kisha akatema, akasema, "Jua la mwaka huu kali, shemeji."

"Kali sana," nikasema.

Ndiyo hiyo dhambi yangu. Masale yako pale, hatua kumi, na mimi nikasema kali sana.

Hakunikasirikia; hata nilipokwenda kuomba kiberiti kama kawaida yangu, alinipa. Afadhali angenitukana yale maneno ya kuku. Alivimwaga viriba vyote shimoni kwake, na tangu siku hiyo sufuria haikugongwa. Nyanya alizilisha kimya kimya. Kuku wangu walikuwa wanakwenda mpakani saa kumi, wanasimama, wanarudi.

Jumapili yake, yeye akiwa misa ya kwanza, nilivuka masale nikaingia shimoni kwake. Bibi mzima, na kitenge changu cha kanisani. Safari hii mimi ndiye niliyechuchumaa kwenye taka za mtu. Nilishika kijiti kwa kijiti, nakwangua ganda kwa ukucha. Kavu. Kavu. Kavu. Karibu na chini kabisa nikakwangua kimoja, kikanionyesha ukijani, mwembamba kama uzi. Nilikifunga kwenye upindo wa kitenge, nikaenda nacho misa ya pili. Padri alihubiri nini sijui.

Nilikiosha mizizi kwa maji ya mvua mara tatu. Nikakipa udongo mpya, unaotoka chini ya migomba, niliouonja kwanza. Nikakificha nyuma ya banda la ng'ombe. Maji ya mchele tu. Baada ya mwezi likachomoza jani, dogo kama ulimi wa paka, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu, ng'ombe akagutuka akapiga teke ndoo ya maziwa. Sikujali. Unga wa maganda ya mayai, kijiko. Machicha ya kahawa, kidogo. Kiliponenepa nikakipanda ardhini. Nyumbani kwangu magadi nikayapiga marufuku, wajukuu wakalalamika maharage yanachelewa, nikawaambia wasali kama wale wa shule.

Kwa nini sikumwambia? Kwanza niliogopa kitakufa, niwe nimemuulia mara mbili. Kiliposhika, nikasema kitoe maua kwanza. Mume wangu alinishauri nichume isale niende, hatua kumi tu. Nikamjibu sijawahi. Akaniuliza, "Hujawahi kukosa, au hujawahi kwenda?" Nilimnyima chai siku hiyo.

Nikiwa bado nangoja maua, Mpishi akateleza kwenye mfereji, macho yalikuwa yamekwishaanza kufifia. Binti yake akaja na gari, akamchukua Bomang'ombe moja kwa moja.

Mwaka huu, mvua ya tatu tangu niingie shimoni, nilikwenda asubuhi kukamua, nikapita nyuma ya banda. Buni nyekundu! Si moja, si mbili. Tawi zima limewaka. Sikukamua. Nilichuma kiganja kizima, nikazifunga kwenye leso. Nikaenda mpakani. Nilisimama pale kwenye masale, nikachuma jani moja, refu, lisilo na doa. Mume wangu alikuwa barazani. Alinisogezea viatu.

Bomang'ombe kuna jua na vumbi, si kama kwetu. Binti alinipokea getini, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanipeleka uani. Na huko nilicheka kabla sijasalimia. Ua mzima ulikuwa ndoo za rangi zilizokatwa, matairi, madumu, na kila kimoja kina mchicha au nyanya. Binti akaniambia kwa uchovu hawaruhusiwi kumwaga hata maji ya viazi. Mpishi alikuwa kwenye kiti, amekonda, macho yamekuwa meupe. Akasema huo ni mwendo wa shemeji, unakanyaga kama unagombana na ardhi.

Nikamwekea isale mkononi.

Akalipapasa jani kutoka shina mpaka ncha, polepole.

"Isale la wapi hili?"

"La mpakani kwetu."

"Basi nusu ni langu," akasema. "Unaniomba msamaha kwa jani langu."

Nikafungua leso, nikammiminia buni kiganjani. Akazigusa, moja moja. Akatia moja mdomoni, akaipasua kwa meno aliyobaki nayo, akafumba macho yale yasiyoona. Nilimjua anapofanya hivyo. Nilingoja.

"Hii haina magadi," akasema.

Nikakaa juu ya tairi, juu ya mchicha wa watu.

"Ulijua, Mpishi?"

"Shemeji, nimepika maharage maisha yangu yote."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeacha kuja kuniomba kiberiti."

Nililia, nikacheka, vyote kwa mpigo, binti yake akadhani kuna msiba. Nikamweleza yote: kijiko, mfereji, shimo, kitenge cha kanisani, padri. Nilipofika kwenye shimo akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, akitikisa kichwa, machozi yanamtiririka kwenye makunyanzi. Akauliza huo mbuni una matawi mangapi, unapata kivuli, jina la mke wake akalitaja mara moja, kwa chini, si kwangu.

Kisha akatema mbegu mbili kiganjani, nyeupe, zinateleza, akazikunjia vidole. Akamwita binti yake alete kiriba na udongo, na maji ya mchele ya leo, yaliyopoa.

"Na mama huyu amebeba chupa ya maji," binti akasema, "tutumie haya?"

"Ya kwa shemeji usipokee," akasema Mpishi, na akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kidole, ngo ngo ngo.